Habari za Walter Johnson, Mrusha Mpira wa Washington

Katika nchi ya Buha, kwenye milima ya Kasulu na Kibondo, watoto hujifunza kutupa mawe tangu wangali wadogo. Ulezi ukikaribia kuiva, ndege huja makundi kwa makundi, na watoto hukaa shambani kutwa wakiwafukuza. Mchungaji naye hutupa jiwe mbele ya ng'ombe aliyeiacha njia, si kwa kutaka kumpiga, bali amrudishe kwa wenzake. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini yataka mambo mawili pamoja: mkono wenye nguvu, na moyo wenye kujizuia. Maana mwenye nguvu asiyejizuia atamvunja ng'ombe mguu, na hasara itakuwa ya nyumba nzima.

Mambo hayo mawili yalipatikana kwa mtu mmoja wa Marekani, jina lake Walter Johnson. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira katika mchezo uitwao besiboli, na baadaye aliingia katika kazi ya utawala. Watu waliomwona walisema kwamba hawakupata kuona mkono wenye nguvu kama wake. Tena wale waliomjua walisema kwamba hawakupata kuona mtu mpole kama yeye.

1. Utoto wake

Walter Johnson alizaliwa tarehe 6 Novemba 1887 katika shamba karibu na mji mdogo wa Humboldt, katika jimbo la Kansas. Kansas ni nchi tambarare iliyo katikati ya Marekani, na wenyeji wake wengi siku zile walikuwa wakulima. Baba yake aliitwa Frank, na mama yake Minnie. Walikuwa watu wa kazi, wala hawakuwa matajiri. Kwa hiyo mtoto wao alizoea tangu utoto kuamka mapema, na kufanya kazi bila kunung'unika.

Mwaka 1902 wazazi wake walihama, wakaenda California, nchi iliyo upande wa magharibi kando ya bahari. Huko watu walikuwa wakichimba visima vya mafuta, na mtu mwenye bidii aliweza kupata kazi ya mshahara. Wakakaa mahali palipoitwa Olinda. Hapo ndipo Walter alipoanza kucheza besiboli pamoja na vijana wenzake. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi. Hakurusha mpira kutoka juu ya kichwa kama wafanyavyo wengi, bali aliuzungusha mkono wa kulia ubavuni, kama mtu afyekaye nyasi. Mwendo wa mkono ulionekana kuwa wa polepole, lakini mpira ulitoka kwa kasi ya ajabu.

Alipopata umri wa miaka 18 aliondoka kwao, akaenda kaskazini katika jimbo la Idaho, kwenye mji wa Weiser. Huko aliandikwa kazi katika kampuni ya simu, akachimba mashimo ya kusimamishia nguzo. Siku za mchezo aliirushia mpira timu ya mji huo. Habari zake zikaanza kuenea, kwa kuwa wapigaji wa miji ya jirani walikuwa wakirudi kwao wamekata tamaa.

2. Mchezo wenyewe

Ni vema kueleza mchezo huo ulivyo, maana si watu wengi wa Afrika ya Mashariki waujuao. Pande mbili hushindana, na kila upande una watu 9. Uwanjani huwekwa vituo 4 katika pembe za mraba, na kutoka kituo hadi kituo ni futi 90. Kituo kimoja huitwa nyumbani. Hapo husimama mpigaji, ameshika gongo la mti kwa mikono miwili. Mrushaji husimama katikati ya mraba, futi 60 na inchi 6 mbele ya mpigaji, naye hutupa mpira upite karibu na mpigaji kwa namna ambayo ni vigumu kuupiga. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, amevaa kinga ya uso na glovu nene.

Mpigaji akikosa mipira mitatu mizuri, hutolewa. Akiupiga mpira, hukimbia kwenda kituo cha kwanza, na akiweza, cha pili na cha tatu. Akivizunguka vituo vyote akarudi nyumbani salama, upande wake hupata alama moja. Watu 3 wakitolewa, pande hubadilishana kazi. Na kila upande ukiisha kupata zamu 9, mchezo humalizika, isipokuwa alama zimelingana. Basi ni wazi kwamba mrushaji ndiye nguzo ya timu. Yeye akiwa hodari, adui huenda nyumbani bila alama hata moja.

Walakini mchezo huo una hatari. Mpira wake si laini kama wa kuchezea watoto. Ndani umefungwa nyuzi kwa kukazwa sana, na nje umefunikwa kwa ngozi, hata ukawa mgumu kama jiwe. Siku za Johnson wapigaji hawakuvaa kofia ngumu za kukinga kichwa. Mpira wa kasi ukimpata mtu kichwani uliweza kumwua.

3. Kuitwa Washington

Mwaka 1907 timu ya Washington, mji mkuu wa Marekani, ilikuwa dhaifu kuliko timu zote za ligi yake. Mkuu wa timu alipata habari za kijana wa Idaho. Akamtuma mchezaji wake mmoja, Cliff Blankenship, ambaye kidole chake kilikuwa kimeumia, aende akamtazame. Blankenship alimwona, naye hakutaka kukawia. Akampa mapatano atie sahihi.

Husimuliwa kwamba kijana huyo, kabla ya kukubali, aliomba jambo moja tu: aahidiwe nauli ya kurudi kwao kama akishindwa kazi. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alijua kwamba mtu aendaye safari ya mbali hana budi kufikiri pia njia ya kurudi.

Tarehe 2 Agosti 1907 alirusha mpira kwa mara ya kwanza katika timu ya Washington, naye alikuwa na umri wa miaka 19. Walishindana na timu ya Detroit, iliyokuwa na mpigaji hodari sana, Ty Cobb. Washington walishindwa kwa alama 3 kwa 2. Lakini watu wa Detroit waliondoka wakisema kwamba wameona mkono ambao hawajapata kuuona. Nauli ya kurudi haikuhitajiwa. Johnson alikaa katika timu hiyo moja miaka 21.

4. Gari Moshi Kubwa

Mwezi wa Septemba 1908 timu ya Washington ilikwenda New York kucheza. Siku ya Ijumaa, tarehe 4, Johnson alirusha, na New York hawakupata alama hata moja. Siku ya Jumamosi akarusha tena, nao hawakupata kitu. Jumapili hapakuwa na mchezo, kwa kuwa sheria ya mji ilikataza. Siku ya Jumatatu akapewa mpira mara ya tatu, na mara ya tatu New York wakaenda nyumbani mikono mitupu. Kwa desturi mrushaji hupumzika siku kadha baada ya mchezo mmoja, maana mkono huuma na bega huvimba. Kijana huyo alishinda michezo mitatu katika siku nne.

Hata hivyo mrushaji peke yake si timu. Mwaka 1909 Washington walishindwa michezo 110, na Johnson mwenyewe alishindwa 25. Mara nyingi alimzuia adui vizuri, lakini wenziwe walishindwa kupata hata alama moja ya kumsaidia. Katika maisha yake yote ya mchezo, zaidi ya mara 20 alishindwa kwa alama 1 kwa 0. Mtu mwingine angaliwalaumu wenziwe mbele ya watu. Yeye hakufanya hivyo. Mchezaji mwenzake akiangusha mpira, Johnson alirudi mahali pake akamngojea mpigaji wa pili.

Tarehe 14 Aprili 1910 Rais wa Marekani, William Taft, alikuja uwanjani akatupa mpira wa kufungulia mwaka wa mchezo. Jambo hilo likawa desturi ya marais waliomfuata. Siku hiyo Johnson aliruhusu pigo moja tu zuri katika mchezo mzima. Tangu mwaka huo hata mwaka 1919 hakukosa kushinda michezo 20 au zaidi kila mwaka. Mwaka 1913 alishinda michezo 36 na kushindwa 7 tu.

Ndipo waandishi wa magazeti walipompa jina la Gari Moshi Kubwa. Siku zile hapakuwa na chombo cha nchi kavu kilichojulikana kwa kasi na nguvu kuliko gari moshi. Watu wa Buha nao walipata kukiona chombo hicho, maana reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walishuka milimani kwa miguu kuipanda, wakienda kutafuta kazi katika mashamba ya katani. Mtu aliyesimama karibu na njia ya reli huku gari likipita hujua kwa nini jina hilo lilimfaa Johnson: sauti husikika, upepo hupiga usoni, na kitu chenyewe kimekwisha kupita.

5. Upole wake

Johnson aliogopa jambo moja tu katika mchezo, nalo ni mkono wake mwenyewe. Aliogopa kwamba siku moja mpira wake utampiga mtu kichwani na kumwua. Warushaji wengine walikuwa na desturi ya kumtupia mpigaji mpira karibu na kichwa kwa makusudi, ili aingiwe na hofu asimame mbali. Johnson alikataa desturi hiyo. Ty Cobb aliitambua huruma hiyo, akaitumia kwa faida yake. Alikuwa akisimama karibu kabisa na njia ya mpira, akijua kwamba Johnson atautupa upande wa mbali asije akamwumiza. Hivyo Cobb alipata mapigo mazuri ambayo pengine hangeyapata. Johnson alipata hasara kwa ajili ya upole wake, wala hakuuacha.

Mwezi wa Agosti 1920 ilionekana kwamba hofu yake haikuwa ya bure. Mchezaji wa Cleveland, jina lake Ray Chapman, alipigwa kichwani na mpira wa mrushaji wa New York, akafa siku ya pili yake. Mpira huo haukutoka katika mkono wa Johnson. Lakini watu wote walifahamu kwamba mwenye kasi kuliko wote ndiye aliyekuwa akijihadhari kuliko wote.

Si kwamba hakuwa na kosa. Mwishoni mwa mwaka 1914 kulikuwa na ligi mpya iliyokuwa ikiwavuta wachezaji kwa fedha nyingi. Johnson alitia sahihi mapatano na timu ya ligi hiyo katika mji wa Chicago. Kisha mkuu wa Washington, Clark Griffith, alimsihi, naye akageuka akarudi kwa timu yake ya zamani. Watu wengine walimlaumu kwa kulivunja neno lake, na wengine walimsifu kwa kurudi kwa wenziwe. Yeye alirudi uwanjani akafanya kazi kama kwanza.

Katika mwezi wa Julai 1920 alirusha mchezo mzima mjini Boston bila ya adui kupata pigo zuri hata moja. Mtu mmoja tu wa Boston alifika kituoni, kwa sababu kijana mmoja wa Washington, Bucky Harris, alikosa kuushika mpira vizuri. Kosa hilo liliharibu sifa ambayo warushaji wachache sana wameipata. Johnson hakumkemea. Tena pigo lililoleta alama ya ushindi siku hiyo lilikuwa la Harris huyo huyo. Miaka minne baadaye Harris alikuwa ndiye kiongozi wa timu.

6. Siku ya ushindi

Miaka ikapita. Mwaka 1914 Johnson alikuwa amemwoa Hazel Roberts, binti wa mjumbe wa Bunge la Marekani kutoka jimbo la Nevada, wakapata watoto. Mwaka 1921 binti yao mdogo, Elinor, alifariki kwa ugonjwa. Mkono wa Johnson nao ulianza kuchoka. Watu walisema kwamba siku zake zimekwisha, na kwamba mrushaji bora wa Marekani atauacha mchezo bila ya kuonja ushindi mkuu. Maana kila mwaka timu ya kwanza ya ligi moja hushindana na timu ya kwanza ya ligi ya pili, na Washington haikupata kufika huko hata mara moja.

Mwaka 1924 ilifika. Johnson alikuwa na umri wa miaka 36, naye alishinda michezo 23 mwaka huo. Washington ilikutana na New York Giants, timu yenye sifa nyingi. Ilikuwa lazima kushinda michezo 4 kabla ya mwenzio. Mchezo wa kwanza ulifanywa mjini Washington, Rais Calvin Coolidge akitazama. Johnson alirusha zamu 12, kisha akashindwa kwa alama 4 kwa 3. Akapewa mchezo wa tano. Akashindwa tena kwa alama 6 kwa 2. Watu wengi walihuzunika, wakasema kwamba mzee amekwisha.

Lakini wenziwe walishinda mchezo wa sita, hata kila upande ukawa na ushindi mitatu. Mchezo wa saba ulikuwa tarehe 10 Oktoba. Washington walikuwa nyuma, wakapata alama mbili katika zamu ya nane, wakalingana 3 kwa 3. Hapo Harris, yule kijana aliyekosa mpira mwaka 1920, alitazama kwa warushaji wake akamchagua Johnson. Uwanja mzima ulisimama. Mtu aliyeshindwa mara mbili katika juma moja alitembea polepole kwenda katikati ya mraba kuchukua mpira.

Giants walifika vituoni katika zamu ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Kila mara ilionekana kwamba pigo moja tu lingemaliza habari, na kila mara Johnson aliwazuia. Kisha ikaja zamu ya Washington. Mdakaji wao, Muddy Ruel, alipiga mpira juu, na mdakaji wa Giants alikuwa karibu kuushika, lakini mguu wake ulinasa katika kinga yake mwenyewe aliyoitupa chini. Akaukosa. Ruel akapiga tena, akafika kituo cha pili. Johnson naye akafika kituo cha kwanza kwa kosa la adui. Ndipo Earl McNeely alipopiga mpira uliokwenda chini kwa chini. Ukadunda, ukaruka juu ya kichwa cha mchezaji wa Giants. Ruel akakimbia nyumbani. Washington wakashinda kwa alama 4 kwa 3, na aliyeandikwa mshindi wa mchezo huo ni Walter Johnson, baada ya kungoja miaka 18.

Mwaka uliofuata walifika tena mahali pale. Johnson alishinda michezo miwili, lakini katika mchezo wa saba, huko Pittsburgh, mvua ilinyesha na uwanja ukawa matope, naye alishindwa kwa alama 9 kwa 7. Hivyo katika miaka miwili alionja tamu na chungu.

7. Baada ya mchezo

Mwaka 1927, katika mazoezi, mpira uliopigwa na mwenzake mmoja ulimvunja mguu, na mwisho wa mwaka huo aliacha kucheza. Alikuwa ameshinda michezo 417. Mtu mmoja tu, Cy Young, ndiye aliyeshinda zaidi. Mara 110 alimzuia adui asipate alama hata moja, na hesabu hiyo haijapata kufikiwa na mtu mwingine. Wapigaji aliowatoa kwa kukosa mpira walizidi 3,500, na hapana aliyemshinda katika hesabu hiyo hata mwaka 1983.

Akawa kiongozi wa timu ya Washington tangu 1929 hata 1932, kisha wa Cleveland tangu 1933 hata 1935. Wengine walisema kwamba alikuwa mpole mno kwa kazi ya kuamuru watu. Mwezi wa Agosti 1930 mkewe alifariki, akamwachia watoto watano. Johnson hakuoa tena. Baadaye alikaa katika shamba lake karibu na Germantown, jimbo la Maryland, akafuga ng'ombe wa maziwa na mbwa wa kuwinda, akawa mkulima kama baba yake.

Tarehe 22 Februari 1936 watu wa Fredericksburg katika Virginia walimwalika. Kuna hadithi ya kale kwamba George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, katika ujana wake alitupa sarafu ya fedha ikavuka mto wa Rappahannock. Watu walitaka kujua kama jambo hilo lawezekana. Johnson, mwenye umri wa miaka 48, alisimama ukingoni katika baridi, akaitupa sarafu ikaanguka ng'ambo. Mtu aliyepata kusimama kando ya Malagarasi wakati wa masika huweza kufikiri mkono huo ulikuwa wa namna gani.

8. Katika siasa

Mwaka 1938 majirani zake walimwomba asimame katika uchaguzi wa baraza la wilaya ya Montgomery, iliyo jirani na mji wa Washington. Baraza hilo lilisimamia mambo ya barabara, kodi na fedha za wilaya. Johnson alikuwa wa chama cha Republican. Alichaguliwa, akaingia barazani. Kazi ya baraza haina watu wa kupiga makofi. Barabara ikitengenezwa, watu hupita juu yake wasimkumbuke aliyeitengeneza; ikiharibika, wote humkumbuka.

Mwaka 1940 wakuu wa chama chake walimtaka agombee kiti katika Bunge la Marekani. Joseph Martin, kiongozi wa chama hicho bungeni, alisimulia baadaye habari za uchaguzi huo. Johnson hakuwa na ujuzi wa kuhutubia. Kwa hiyo waliandikiwa hotuba mbili: moja ya kuwasomea wakulima, na ya pili ya kuwasomea watu wa viwanda na biashara. Johnson akazichanganya. Wakulima akawasomea habari za viwanda, na wafanya biashara akawasomea habari za mashamba.

Watu walicheka, lakini hapakuwa na aliyesema kwamba amewadanganya. Kura zilipohesabiwa, mpinzani wake, William Byron wa chama cha Democrat, alipata 60,037, na Johnson alipata 52,258. Wengi walimpenda, lakini kumpenda mtu si sawa na kumpa kazi ya kutunga sheria, na wapiga kura walikuwa na haki ya kupambanua mambo hayo mawili. Johnson alikubali kama alivyokubali maamuzi ya uwanjani siku zote, akarudi kwa ng'ombe wake.

Tarehe 23 Agosti 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alivaa tena nguo za mchezo, akamrushia mpira Babe Ruth, mpigaji mashuhuri kuliko wote, katika uwanja mkubwa wa New York. Watu karibu 70,000 walikuja, na fedha walizotoa zikaenda kuwasaidia askari na jamaa zao. Wazee hao wawili hawakutaka malipo.

9. Mlango uliofungwa

Kuna jambo moja lisilofaa kufichwa. Miaka yote ambayo Johnson alicheza, ligi kubwa za Marekani hazikumruhusu mtu mweusi kuingia. Watu weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji hodari kama weupe au kuwapita. Sheria hiyo haikuandikwa mahali, lakini ilishikwa kwa nguvu kuliko nyingi zilizoandikwa. Johnson alipomwona Josh Gibson, mdakaji mweusi, alimsifu waziwazi kuwa mchezaji wa thamani kubwa kabisa. Walakini sifa peke yake haifungui mlango. Wenye uwezo wa kuufungua hawakuufungua siku hizo, na kwa hiyo hapana ajuaye ni wapigaji wangapi wa kumshinda Johnson waliokaa nje.

Mwaka 1946 Johnson aliugua ugonjwa wa ubongo. Alilala kitandani miezi mingi, na tarehe 10 Desemba akafariki mjini Washington, mwenye umri wa miaka 59. Alizikwa Rockville, katika wilaya aliyoitumikia, kando ya mkewe. Miezi minne tu baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson, kijana mweusi, aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn, na mlango uliofungwa ukafunguka.

Mwaka 1956 shule ya vijana ilifunguliwa katika wilaya ya Montgomery, ikapewa jina la Walter Johnson. Katika Cooperstown, mji wa New York ambamo sifa za wachezaji wa besiboli zimehifadhiwa, jina lake limo pamoja na wale watano waliochaguliwa kwanza kabisa mwaka 1936. Na Ty Cobb yumo pia.

Cobb alipata mapigo yake kwa kuutegemea upole wa mwenzake, na Johnson alijua. Angaliweza kumtisha siku yo yote kwa mpira mmoja tu. Hakuutupa mpira huo. Kwa miaka 21 alikuwa na nguvu ya kuua mkononi mwake, na kila jioni wale alioshindana nao walirudi kwao wakiwa hai.